Saa ya Kasha Kule Dodoma

Pale Kasha, mutaa wa Bukavu, ukiuliza mutu anayejua kulinda kitu, watakuonyesha nyumba ya maman Domitille. Ni mama wa kabichi na karoti. Anazichukua kwa wakulima wa kijiji cha Miti, anazishusha soko la Bagira, na tangu afiwe na mume wake hajapoteza hata kikapu. Kule Kasha milima ya Rwanda iko mbele ya macho, ng'ambo ya ziwa, na telefone haijui mupaka. Ukiiacha ijichagulie mutandao, inarukia rezo ya Rwanda na kukukulia inite zote za kupigia kabla hujamaliza kusema alo. Domitille ndiye aliyefundisha majirani kufunga ile kitu inaitwa otomatike, telefone ibaki ku mutandao wa Kongo tu.

"Funga kabisa," aliwaambia. "Telefone ni mbuzi. Usiifungue kamba karibu na shamba la mutu."

Kitu kimoja tu hakukilinda: kinywa chake. Miaka tisa iliyopita, mutoto wake Aganze alisema anaenda Tanzania kutafuta kazi ya kutengeneza frigo. Mama alitaka abaki, ashike shamba la baba. Asubuhi ya safari Aganze alipiga magoti mulangoni, akangoja mama amuchoree musalaba kwa kidole gumba juu ya paji la uso, kama wazazi wa kule wanavyofanya mutoto akishika njia. Domitille aliendelea kuosha karoti.

"Anayetoka bila ruhusa, atoke bila baraka," alisema, bila kuinua macho.

Alisikia magoti yakiinuka. Alipogeuka, mulango ulikuwa mutupu. Kila Noeli salamu zilifika, lakini mutoto mwenyewe hakurudi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Aganze akapiga. Amepata kazi Oman, mukataba wa miaka minne. Ndege inatoka Dar es Salaam siku ya posho, yaani Jumamosi, saa kumi ya muchana.

"Maman, kuja unione. Nitakutumia tike ya treni."

"Treni ya wapi? Bukavu kuna treni?"

"Utapanda bisi mupaka Dodoma. Pale kuna treni ya umeme, inatoka saa mbili na robo, inafika huku Dar kabla ya saa sita. Nitakuwa ku mulango wa gare ya treni. Tutakuwa na saa moja nzima."

"Saa moja inatosha," alisema Domitille. Kwa kile alichotaka kufanya, hata dakika ingetosha.

Tike ikafika ndani ya telefone: picha yenye viraba vidogo vyeusi, jina lake, na saa ya kuondoka. Akaigeuza huku na huku.

"Na karatasi yake iko wapi?" akamuuliza binti yake Bintu.

"Njo hiyo yenyewe, maman. Wataangalia hiyo tu."

"Mutu anapanda treni na picha?"

Tonton Grégoire, ndugu ya marehemu, alikuwa ameketi pale na chai yake. "Kama picha inasafiri, shemeji, tuma yako tu, weye ubakie hapa utupikie!"

Walicheka wote, lakini Domitille hakulala vizuri. Karatasi unaikunja, unaishona ndani ya nguo. Picha utaishona wapi? Akamwambia Bintu aandike namba zote za tike kwenye kipande cha daftari. Akaizima telefone ili moto usiishe, akaifunga ndani ya saketi ya plastiki, akaiweka kifuani. Alivuka muto Rusizi hivyo. Alipita Kigali, akapita mupaka wa Rusumo kuingia Tanzania, na usiku kucha ndani ya bisi mukono wake ulikuwa kifuani kama mwenye mutoto muchanga aliyelala. Jirani wa kiti alimuomba telefone apige mara moja tu. Alimukatalia. Hata yeye mwenyewe hakuigusa. Alifika Dodoma siku ya tano, Ijumaa, jioni, akapata chumba katika nyumba ya wageni, akalala na nguo zake.

Asubuhi aliwasha telefone. Ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na picha ilikuwepo, salama. Nje kulikuwa kumekucha kabisa.

"Jua ya huku inaamuka mapema," alijiambia.

Alipotoka kuoga, mama mwenye nyumba alimushangaa. "Hujaondoka tu, mama? Si ulisema treni ya saa mbili na robo?"

"Niko na wakati, mama yangu."

"Haya. Mwenye safari ni wewe."

Alivaa kitenge kipya, akajipaka mafuta, akakataa chai. Alitaka kula na Aganze. Pikipiki ilimufikisha ku gare, telefone ikiwa saa mbili kasoro dakika kumi. Alitembea kwa heshima yake mupaka ku mulango, akamunyooshea kijana wa tiketi ile picha kwa mikono miwili, kama mutu anayetoa sadaka.

Kijana aliitazama, akamutazama yeye. "Tiketi ni halali kabisa, mama. Ila treni yenyewe imeshaondoka."

"Imeondoka namna gani? Inaondoka saa mbili na robo!"

"Ndiyo. Na sasa ni saa tatu kasoro dakika kumi."

"Hapana, papa. Angalia." Akamuonyesha telefone. Kijana akamuonyesha saa kubwa ya ukutani nyuma yake. Mama mumoja mwenye mizigo, bila kuulizwa, akasema saa tatu kasoro kumi.

"Umetoka wapi, mama?"

"Bukavu."

"Kongo! Basi ndiyo hiyo. Sisi tuko mbele yenu saa nzima. Simu yako haikujirekebisha?"

Aliichukua, akabonyeza, akaingia kule ambako Domitille aliwafundisha watu wa Kasha kuingia. "Umeifunga. Haishiki mtandao wowote wa huku." Akafungua. Ndani ya kiganja, mbele ya macho ya Domitille, saa iliruka yenyewe, kutoka saa mbili kasoro hadi saa tatu kasoro. Hakuna aliyeigusa.

Treni nyingine ilikuwa ya jioni. Bisi ingefika usiku, ndege imeshaondoka.

Halafu ujumbe wa Aganze ukaanza kuingia, mumoja nyuma ya mwingine. *Maman, uko ndani ya treni?* Halafu: *Maman, jibu.* Wa mwisho ulikuwa umetumwa dakika chache tu zilizopita: *Kama umebadilisha mawazo, haina shida. Nimezoea.*

Kijana wa tiketi alimupa simu yake mwenyewe apige.

"Aganze, niko Dodoma. Treni imeniacha. Saa ilinidanganya."

Kikasikika kicheko kidogo kisicho na furaha. "Maman, kama hautaki kuja, sema tu. Usisingizie saa."

"Niko hapa! Ku mulango!"

"Sawa, maman."

Domitille alisikia ile "sawa", akaijua. Ni yeye aliyeipanda miaka tisa iliyopita. Nani atamuamini leo? Akamugeukia kijana, machozi yakimutoka. "Papa, umuambie. Umuambie minafika, niko hapa."

Kijana akachukua simu. "Kaka, mama yako yuko hapa mbele yangu. Ana tiketi. Amevaa kitenge cha sherehe. Simu yake ilikuwa na saa za Kongo, basi. Usimhukumu." Alisikiliza kidogo, akarudisha simu. "Anakutaka."

"Maman," sauti ya Aganze ilikuwa ndogo sasa. "Basi nibariki hapo hapo."

Aliinua kidole gumba. Mbele yake kulikuwa na mulango wa chuma, na nyuma yake watu wa treni ya jioni waliokuja mapema. Alisema maneno yote, kwa jina la Baba, la Mwana, la Roho Mutakatifu, kidole kikichora hewani polepole, na alipofika mwisho hakujua aweke wapi mukono.

"Amina," alisema Aganze. Halafu: "Umekula, maman?"

"Nimekula."

"Nitarudi kisha miaka ine."

"Ndiyo, mwanangu."

Alimurudishia kijana simu, akaenda kuketi kwenye kiti cha kungojea. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliongeza ile miaka minne juu yake, akaanza tena kuhesabu, kana kwamba mara ya pili ingetoka chini kidogo.