Siku Niliyotokea Mikoroshoni Nikiwa wa Njano

Haya, kwa kuwa mmeniuliza wenyewe kwa nini hapa Nachingwea watu wazima wenye heshima zao wananiita Salfa, na kwa kuwa mke wangu ameshaanza kucheka kabla hata sijafungua mdomo, wacha nisimulie mwenyewe, maana wakisimulia wengine wanatia chumvi mpaka nasikia eti nilikuja na mashine ya kupulizia mgongoni. Sikuja na mashine. Mengine yote ni kweli, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili mwanzoni, mimi ni fundi baiskeli karibu na soko, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye tumbo la mtu wa hamsini. Dada yangu Somoe alikuwa anaishi Naipingo. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, amenifulia, amenichapa, amenipeleka shule, kwa hiyo nikisema dada nyinyi sikieni mama. Sasa mchana mmoja mke wangu akaniwekea ugali, akakaa, hakula, akaniambia dada ameshika kitu kigumu kwenye titi, ukubwa wa korosho, ana miezi nacho, na hospitali hataki kwenda. Akiambiwa anajibu, "Nikamvulie nani nguo? Watu watasemaje?"

Ugali ulinishinda.

Wiki hiyohiyo likapita gari la matangazo. Manesi na kikundi cha akina mama walikuwa wameandaa mbio za hisani, kilomita kumi, kuanzia huko barabara ya Ruangwa mpaka uwanja wa mpira, ili watu waijue saratani ya matiti, na uwanjani kutakuwa na hema la kupima bure. Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kusikia neno titi likitangazwa kwa kipaza sauti mchana kweupe, mbele ya msikiti, mbele ya kanisa, mbele ya wazee wanaocheza bao. Nilisimama na spana yangu mkononi mpaka gari likapotea. Kisha nikapanda baiskeli kwenda Naipingo.

"Dada," nikasema huku naangalia kuku (mwanaume anaanzaje kumtazama dada yake usoni akaongea habari za kifua?), "lile jambo aliloniambia mama Shukuru..."

"Mkeo mdomo wake hauna breki."

"Zile mbio mimi nakimbia. Nakukimbilia wewe. Nawe siku hiyo uingie hemani."

Akacheka mpaka akaegemea kinu. "Wewe? Wewe uliyekuwa unatumwa maji kisimani unachota dimbwi la njiani? Haya. Ukimaliza kilomita zote kumi kwa miguu yako, barabara yote, bila kupanda kitu wala kukata kona, nitaingia. Ukinidanganya, usiniletee tena habari hizo."

Nikaapa, mkono kifuani.

Siku ikafika, mwezi wa saba, umande bado uko kwenye nyasi, tukapakiwa kwenye fuso mpaka mahali pa kuanzia. Pale niliona kitu ambacho sikutegemea kukiona maishani. Vijana wembamba wa Ruangwa wanaojua mbio walikuwepo, hao sawa, lakini walikuwepo pia mabibi wa Kiegei, miguu peku, fulana za pinki juu ya khanga, vibwebwe vimekazwa, na wanaume wenye ndevu zao, na polisi mmoja aliyevua viatu vya kazi, na mama mmoja kutoka Mbekenyera na mtoto mgongoni. Watu wote hawa, nikawaza, wameamka alfajiri kwa ajili ya kitu ambacho dada yangu anakificha chini ya khanga.

Nilikimbia kwa moyo wote. Moyo ulikuwepo, pumzi ndiyo haikuwepo. Kufika kilomita ya nne misuli ya paja ikakaza, wakanipita wote, hata yule mwenye mtoto, hata mabibi ("Pole mwanangu," wakaniambia, na hawakupunguza mwendo). Nikabaki peke yangu barabarani. Na hapo ndipo ilipo ile kona ya bonde, ambapo barabara inazunguka weee, na upande wa kushoto kuna kijia kinaingia kwenye mikorosho, kina kivuli, kimenyooka. Nikajiambia nikate hapa tu, nitokee kilomita ya saba, nijichanganye na wale mabibi, nani atajua?

Kilichonitoka akilini ni mwezi. Mwezi wa saba, alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mikoroshoni kuna nini? Kuna watu wanapulizia salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho! Nimefika katikati, mashine ikanguruma, wingu la unga wa njano likanishukia mzima mzima, nami nimelowa jasho kuanzia utosini. Unga ukanata. Macho yakawaka, pua ikajaa harufu ya kiberiti, nikakimbia kama kipofu, panda ya njia nikaikosa, nikafuata njia ambayo hata siijui, mpaka nikasikia shangwe. Nikashukuru Mungu, nikajua nimelipata kundi.

Kumbe nimetokea mita hamsini kutoka uwanjani, na mbele yangu hakuna mtu.

"Anakuja!" kipaza sauti kikalia. "Mshindi wetu anakuja! Ni... ni nani huyu, jamani?"

Mimi na macho yangu yaliyofumbwa nikapita mpaka nikakata utepe. Makofi yakalia kidogo, yakafa. Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti ya juu, "Hiyo si salfa? Huyu kapita mikoroshoni!" Na mwingine akadakia, "Basi mwaka huu hapati ubwiri unga!" Hapo uwanja ulilipuka. Watu walicheka wakakaa chini. Mwenye kipaza sauti alicheka ndani ya kipaza sauti. Mshindi halali alipofika, kijana wa watu, hakuna hata aliyemwangalia.

Nikahisi mkono umenishika shingoni. Mkono ule naujua tangu utoto.

"Inama," akasema dada. Akanimwagia maji ya jagi machoni, mbele ya mji mzima, kama alivyokuwa ananiogesha zamani. "Umekatia wapi?"

"Kwenye bonde."

"Nilijua."

Nikalia, na si kwa sababu ya salfa. "Dada, nimekuharibia. Narudi. Narudi palepale nianze upya."

Aliwatazama watu waliokuwa wananicheka, kuanzia upande huu wa uwanja mpaka ule, taratibu.

"Wote hawa wanakucheka wewe. Unajisikiaje?"

"Nina kiu," nikasema, maana ndicho nilichokuwa nacho.

Akanipa jagi ninywe. "Miezi yote hii nimeogopa kuchekwa," akasema. "Kumbe mtu anachekwa na Nachingwea nzima, halafu anaomba maji."

Akakaza khanga, akaondoka. Lile hema lilikuwa na mlango wa nyuma, wamezungushia vitambaa kwa ajili ya wanaoona haya. Dada yangu hakuuendea. Alipita katikati ya uwanja, peke yake, kichwa juu, akaingia kwa mlango wa mbele. Kicheko kilikatika. Mwenye kipaza sauti alikishusha. Nami nimesimama pale, wa njano, jagi mkononi, nikaona bibi mmoja wa Kiegei, ndiyo kwanza amemaliza mbio, anamfuata, kisha wa pili, kisha foleni. Sijawahi kuona ushujaa mkubwa kama ule, na nilikuwa sistahili hata kuutazama.

Kile kitu kigumu kilikuwa saratani yenyewe. Alipelekwa hospitali kubwa, wakaondoa titi moja, wakamwambia amewahi. Yupo, na bado ananigombeza.

Mbio ziliporudi mwaka uliofuata, alikuja na fulana ya pinki, upande mmoja umelala, hajaujaza na kitu. "Leo unamaliza kilomita zako," akaniambia. "Tangulia mbele, nikuone." Tukaenda mwendo wa kutembea, mimi mbele, yeye nyuma na kandambili zake. Tangu siku ile ya aibu nilishaapa kwamba njia ya mkato sipiti tena, hata ya kwenda chooni, lakini yeye alikuwa anajua viapo vyangu vinavyovunjika. Tulipofika kona ya bonde mashine zilikuwa zinanguruma, kijia kiko wazi, kina kivuli chake kilekile. Nyuma yangu kandambili zikanyamaza. Alikuwa amesimama, anasubiri aone.

Nikafuata barabara.