Fundi wa Kubebesha Aliyekata Mikorosho ya Wajomba

Jua limekwisha kupanda juu ya mashamba ya Nanyamba, na Gladness Mmari amekaa juu ya gogo, mikono magotini, hafanyi kitu. Wapasua mbao wawili aliokuja nao wameshanoa msumeno na sasa wanaguna. Mwenye nyumba, Saidi, mtu wa maneno mengi na kicheko, ameshamwonyesha mikorosho mitatu mizee inayotakiwa kukatwa, na ameshasema zaidi ya mara moja kwamba kazi ianze, jua halimsubiri mtu.

Gladness anatabasamu tu. "Namsubiri mjomba," anasema.

Mjomba anayesubiriwa si wake. Ni mjomba wa mke wa Saidi, anatoka Kitaya kule kwenye mto Ruvuma, na anakuja kwa baiskeli. Kwa barabara ile, safari hiyo si ya kwenda na kurudi kabla ya chai. Saidi anauliza kwa mzaha kama yeye hapo ni mwanamume au ni kivuli. Gladness anamjibu kwa adabu kwamba yeye ni mwanamume tena wa haja, ila miti si yake.

Mjomba anafika akiwa amelowa jasho. Anaizunguka ile mikorosho, anaigonga gonga magome, anamwita mpwa wake, mke wa Saidi, wananong'ona. Kisha anatikisa kichwa kukubali, na ndipo msumeno unapoanza kulia.

Kazi ya Gladness ni kubebesha mikorosho. Mkorosho uliozeeka, ambao mvua na jua vyote vinaupita bila faida, hukatwa ukabaki kisiki. Kisiki kikichipua, fundi huchagua machipukizi yenye afya, akayapasua kwa kisu kikali na kuyabebesha vikonyo, yaani vijiti vichanga vilivyokatwa kwenye mti bora, akafunga kwa ukanda wa nailoni. Kikonyo kikishika, mti wa bibi unakuwa mti mpya juu ya mizizi ile ile. Kisiposhika, mkulima amebaki na kuni.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mkulima anakata leo kitu kinachomlisha, kwa ahadi ya misimu miwili mbele. Fundi naye halipwi mpaka kikonyo kishike. Mwaka jana, ambao anauita mwaka mzuri, Gladness alipata kama shilingi laki nne na nusu kwa msimu mzima, na hapo alikuwa ametembea vijiji kuanzia Mpapura mpaka karibu na mpaka wa Msumbiji.

Angeweza kukaa kwenye kiti chenye mto, mjini, na feni juu ya kichwa. Baba yake, Mzee Godfrey, alikuja Mtwara kutoka Machame kuwa karani wa bandarini, na alimsomesha bintiye upigaji chapa kwa nia hiyo hasa. Mwaka 1995 binti akapata kibarua cha kupiga chapa ripoti katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Mzee akafurahi. Alijua kibarua ni mlango, na mlango ukishafunguka mtu huingia.

Kweli Gladness aliingia, lakini kwa mlango mwingine. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alikwenda kitaluni kumtazama Mikaeli, fundi wa kubebesha, akifunga vikonyo. Siku moja akaomba kisu. Mikaeli akampa mche mmoja uliopinda, kwa kumkejeli, akamwambia huo hata ukifa hautaliliwa.

"Ukashika," anasema Gladness, na mpaka leo akisimulia uso wake unafunguka. "Nilikuta majani mawili mekundu madogo, mwili wote ukanisisimka. Nimepiga chapa barua mwaka mzima, sijaona hata moja iliyochipua."

Alipomwambia baba yake kwamba anaacha mashine ya chapa ashike kisu, Mzee Godfrey alisema yeye alivuka nchi nzima kulikimbia jembe, na haoni kwa nini damu yake mwenyewe ilifuate jembe hilo hilo Makondeni. Mama alilia. Jirani mmoja akaeneza kwamba binti wa karani ameharibikiwa akili. Gladness akafunga mzigo wake akaondoka, na roho ilimuuma, haoni haya kusema hivyo.

Sasa sikia kosa alilofanya, maana ndilo lililomfanya kuwa fundi.

Mwaka 1998 alifika kijiji kimoja cha kata ya Mpapura. Huko akampata Jafari, baba wa watoto wanne, mwepesi wa kupenda mambo mapya. Gladness akamuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa kwao Machame angeuliza: wewe ndiye mwenye nyumba? Jafari akasema ndiye. Wakakubaliana. Mikorosho minane ikaenda chini, vigogo vikalala shambani. Mke wa Jafari, Salma, hakuwepo. Alikuwa Kitaya kwenye matanga ya shangazi yake.

Salma aliporudi hakupiga kelele. Alitua mzigo, akaenda kisiki kwa kisiki akivigusa kwa kiganja, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Jafari alibaki uani amenywea.

Kwa Wachaga, watu wa Machame, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha baba na wanawe. Gladness alikulia mjini, lakini hilo alilinyonya kwa mama yake kama watoto wote. Huku Makondeni mambo ni mengine. Wanaume wengi huoa wakahamia kwa wakwe, wakalima, wakapalilia, wakala matunda, lakini ardhi na miti ni ya upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Ile mikorosho minane ilipandwa na bibi yake Salma kwa mikono yake. Jafari aliitunza miaka kumi na tano, na hakuwa na uwezo wa kutoa hata tawi moja.

Alijua, tena vizuri sana. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alipoulizwa kama ndiye mwenye nyumba alisikia utamu, maana tangu aoe hapakuwa na mtu aliyemuuliza hivyo.

Mjomba wa Salma, Mzee Shabani, akaitwa. Alikuja na ndugu wawili, wakakaa barazani, Gladness akakalishwa chini kwenye mkeka mbele yao. Mzee hakumfokea. Alisema kwa sauti ya taratibu, na ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Mwanangu, umeingia nyumba ya watu, ukaenda kumwomba ruhusa mgeni."

Ndugu mmoja alitaka alipishwe faini na afukuzwe, na habari zipelekwe vijiji vyote asipewe mti tena. Hilo lingekuwa mwisho wa ufundi wake, kwa sababu kazi hii huenda kwa sifa, na sifa mbaya haina baiskeli lakini hufika kwanza. Mzee Shabani akakataa faini. Mti wa mama yake, alisema, haulipwi kwa fedha, unarudishwa. Akamuuliza kama anaweza kuirudisha. Gladness akasema anaweza, na moyoni hakuwa na hakika hata kidogo.

Akahamia pale pale. Alipewa kijumba kilichokuwa cha kuku, akakifagia, akatandika mkeka. Asubuhi alilima mihogo na Salma, kwa sababu nyumba ile haikuwa na korosho za kuuza mwaka ule na njaa iliyokuja aliileta yeye. Walilima bega kwa bega na Salma hakumsemesha. Mchana alihangaika na machipukizi.

Mkupuo wa kwanza wa vikonyo ukakauka. Upepo wa joto ulipita kabla havijashika, na ukanda wa nailoni ulikuwa umelegea. Kijiji kikampachika jina la Fundi Kuni, na watoto waliliimba akipita kwenda kisimani. Hata yeye siku moja alicheka, maana lilimfaa.

Wakati huo huo Mzee Godfrey akaja. Alipanda lori la mihogo, na suruali yake ya ofisini, akashuka akiwa mweupe kwa vumbi. Kiti kimepatikana bandarini, alisema, cha mpiga chapa wa kudumu, amekiombea kwa magoti, na kinamngoja mpaka Jumatatu. Akaitazama mikono ya bintiye iliyobabuliwa na utomvu wa mkorosho, akageuza uso.

Gladness anasema alitaka kwenda. Usidhani ni chuma. Alikuwa na njaa, alikuwa na homa za mara kwa mara, na lori lilikuwa limewasha injini. Akamwambia baba yake maneno ambayo Salma, aliyekuwa akitwanga karibu, aliyasikia yote.

"Baba, nikiondoka leo, mimi ni mtu aliyekata miti ya watu. Nikibaki mpaka ishike, mimi ni fundi. Sitaki kuwa yule wa kwanza maisha yangu yote."

Mzee Godfrey akapanda lori peke yake. Hakuaga vizuri, na hilo lilichukua miaka kupona.

Kesho yake Salma alikuja kwenye visiki na mifuko mikuukuu ya nailoni aliyoichana vipande vyembamba. Akashika chipukizi, akamwambia afunge, yeye atakaza. Muulize kwa nini, naye atakujibu bila kupamba.

"Nilimchukia, ndiyo," anasema Salma. "Lakini nikaona huyu akishindwa, na mimi nitakuwa nimelala njaa bure. Heri nimsaidie anirudishie miti ya bibi."

Wawili wakawa mmoja. Walifunga alasiri, jua likiwa limepoa, wakavika kila kikonyo kifuko na kukitilia kivuli cha majani ya mnazi. Visiki viwili viliingiwa na mchwa vikafa, na Salma aliviomboleza kama wafu. Sita vilishika. Katika msimu wa mwaka 2000 miti ile sita, mifupi, ambayo mtoto angeweza kuifikia, ilizaa mpaka matawi yakaegeshewa miti chini yasivunjike.

Mzee Shabani aliletwa kutazama. Alichuma bibo moja, tunda la mkorosho, akalitafuna, maji yakimtiririka kidevuni, kisha akamwambia Gladness kwamba sita si nane. Gladness akakubali kwamba sita si nane. Akaotesha miche miwili, akaibebesha, akaipanda mahali pa ile iliyokufa, na akabaki mwaka mwingine mzima kuilinda na mbuzi. Hakuna aliyemlazimisha.

Tangu hapo hashiki msumeno kabla hajauliza mti ulipandwa na nani kwa upande wa mama, na nani anausemea. Kuuliza si ujinga, watu husema, lakini Gladness anasema kwake kuuliza ndiyo nusu ya kazi, na kisu ni nusu nyingine. Wakulima wengine humwona anachelewesha. Wanawake hawamwoni hivyo. Wao ndio wanaomwita, na ndio wanaomtuma kwa jirani zao.

Mwaka jana Mzee Godfrey alistaafu. Alikuja Mpapura mara ya pili, safari hii bila kutumwa na kiti. Salma alimpeleka mwenyewe shambani, akamwonyesha mti mmoja mmoja na kumwambia binti yake alipokosea na aliporekebisha. Mzee aliuliza maswali mengi ya kikarani. Wakati wa kuondoka alimwambia Gladness kwamba yeye alikaa bandarini miaka ishirini na sita akihesabu mizigo ya watu inayoondoka, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha ilikofika. Akamshika mkono ule uliobabuka, hakugeuza uso.

Mpango wa Gladness sasa ni kitalu. Anataka miche elfu mbili kwa mwaka, na wasichana watano wa vijiji hivi awafundishe kisu, wasiwe wanamngoja yeye apite. Benki mbili zimemkatalia mkopo. Kisima cha karibu hukauka ikifika Oktoba. Fundi mwenzake amemwambia mwanamke asiye na ukoo huku hawezi kuwa na shamba, kwa hiyo aache kuota mchana.

Kuhusu shamba, mwenzake amechelewa. Mwezi uliopita Salma na mjomba wake, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, waliita ndugu barazani pale pale. Wakampa Gladness kipande cha ardhi kinachopakana na ile mikorosho minane, kiwe chake na cha mabinti zake atakaowazaa, si cha mume atakayemwoa. Amekwisha kukisafisha. Anasimama katikati yake, mikono kiunoni, anapima kwa macho mahali pa kuchimba kisima.

"Nitapanda huku mpaka kule," anasema. "Na siku akitokea fundi anataka kukata hata mti mmoja humu, aje aniulize mimi."