Mtoto wa tangawizi anayelea siga za wageni Same

Saa moja na robo asubuhi upepo wa Same umeshaanza kazi yake ya kupeperusha vumbi, na Yudith Elibariki anafungua kasha la mbao kama mtu anayemchungulia kuku aliyeatamia. Anainua kifuniko polepole, kwa mkono mmoja, bila kupumua.

Ndani zimelala siga arobaini na mbili. Pembeni kuna kibakuli cha udongo kilichojaa mchanga wenye unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu, cha duara, ambacho Yudith anakisoma kabla hata ya kunisalimia.

"Sitini na saba," anasema na kushusha pumzi. "Zimeamka salama."

Anachukua moja, anaibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada kuanzia juu hadi chini. "Ikilia kwachakwacha, imekauka. Ikibonyea kama ndizi iliyoiva sana, imelowa. Inatakiwa ikubali kidogo, halafu irudi."

Kwa ambaye hajakutana nazo, siga ni zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Kwenye hoteli hii ndogo nje ya mji wa Same, ambako wageni hulala kabla ya kuingia hifadhini, moja huuzwa kati ya shilingi 45,000 na 90,000. Yudith, mwenye miaka 36, ndiye anayezichagua, anazikata na kuzitunza.

Naye hajawahi kuvuta.

"Hata mara moja!" anacheka. "Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri. Watu watanionaje?"

Kazi hii hakuiomba. Alikuwa dobi wa hoteli kwa miaka minne, kwa mshahara wa shilingi 210,000, na sabuni ilikuwa imeanza kumla ngozi ya vidole. Mwaka jana mhudumu wa kaunta aliacha kazi ghafla. Meneja, Rodrick, akamwita Yudith kwa sababu moja tu: ndiye mfanyakazi pekee ambaye hakuwahi kupoteza hata kifungo cha mgeni. Mshahara ukapanda hadi 320,000.

Akaanza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alijifunza kwamba mgeni asiyezoea hapewi siga nene na ndefu, anapewa fupi na laini. Alijifunza kwamba rangi nyeusi si lazima iwe kali. Kukata ndiko kulikomtoa jasho. Siga ina kofia ndogo kichwani, na unatakiwa uondoe hiyo tu, milimita mbili, kwa pigo moja.

"Nilikuwa nasokota majani makavu ya mgomba nyumbani, nakata, nakata. Mwanangu Jenifer akasema, 'Mama, unatengeneza nini?' Nikamwambia natengeneza ugali wako."

Ugali ulipatikana, lakini mama yake mzazi akapotea.

Agatha, mkulima wa tangawizi huko Mamba, kwenye milima ya Upare, alimzika mumewe mwaka 2008. Mzee Elibariki alivuta tumbaku ya kusokota tangu ujana, na kifua kikamwondoa akiwa na miaka arobaini na tisa. Tangu siku hiyo tumbaku haitajwi ndani ya nyumba ile. Aliposikia binti yake anauza "matumbaku ya Wazungu", hakugombana naye. Yudith alipomtumia kitenge na kilo mbili za sukari kutoka kwenye mshahara wa kwanza wa kaunta, vilirudi siku ileile na bodaboda yuleyule aliyevipeleka.

"Kijana wa bodaboda alishindwa hata kuniangalia," anakumbuka Yudith. "Akasema, 'Dada, bibi amesema kitambaa hiki kinanuka kifua cha baba yako.' Nililia mpaka nikachoka."

Kama vile hilo halikutosha, mwezi Aprili kazi yenyewe ikataka kumponyoka.

Kasha la hoteli lilikuwa likikaa stoo, jirani na magunia ya tangawizi ya jikoni. Mgeni mmoja akavuta, akakunja uso, akauliza kama siga zake zimechemshwa kwenye chai ya tangawizi. Yudith akalihamisha, akaliweka karibu na bomba la maji. Baada ya wiki mbili akakuta vumbi jeupe juu ya majani. Ukungu.

Hapo akafanya ambacho Mpare yeyote wa milimani angekifanya kwa mazao yaliyoshika ukungu. Akachukua ungo, akazipanga siga moja moja, akazianika juani.

Mamba jua ni la kistaarabu. Same ni habari nyingine! Kufikia saa nane mchana majani ya juu yalikuwa yamepasuka kama visigino vya mkulima. Siga kumi na tisa zikafa siku moja, kwenye ungo.

"Nilimkuta amesimama pale na ungo mikononi," anasimulia Rodrick. "Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nikamwambia kasha jipya linakuja mwezi Juni. Ikiharibika hata siga moja, anarudi kufua."

Yudith akaviangalia vidole vyake. Kisha akawaza jambo moja ambalo hakulitaka hata kidogo: anayejua kutunza kitu kisinyauke wala kisioze ni mtu asiyepokea hata sukari yake.

Jumamosi iliyofuata akapanda basi, kisha bodaboda, hadi Mamba. Akamkuta mama yake anachambua tangawizi nyuma ya jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Basi.

Yudith akakaa chini, akasaidia kuchambua. Baada ya muda mrefu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, mbegu ya tangawizi huwekwaje kiangazi isikauke.

Mama Agatha hakuinua uso. "Umekulia hapa miaka yote hiyo hujauliza, leo ndiyo unauliza? Ni ile tumbaku yako."

Yudith hakuweza kusema uongo. Akaeleza yote: ungo, jua, mwezi Juni, vidole. Anasema mama yake alivishika vidole vile, akavigeuzageuza kama anakagua mbegu, kisha akanyanyuka na kumwongoza hadi kwenye kona yenye kivuli alikofukia mbegu zake mchangani.

"Shika mchanga, finya," alimwambia. "Ukishikana bila kutoa maji, unatosha. Usimwagie kila siku, huo ni uoga. Kila Jumamosi funua ipate pumzi, ya chini ije juu. Iliyooza usiionee huruma, itoe kabla haijaambukiza jirani."

Yudith akashukuru, akasimama kuondoka. Mama yake akamshika mkono.

"Sijamaliza. Kila anayekuja kwako kwa mara ya kwanza, ambaye hajawahi kuvuta hicho kitu, mwambie baba yako alikufa na nini. Mwambie kabla hujamkatia. Akishasikia, akitaka, mkatie. Usipomwambia, kwangu usirudi."

Yudith alishuka mlima na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Aliosha mchanga wa mtoni mara saba, akaukaanga hadi harufu ikaisha, akaulowanisha kidogo, akauweka kwenye kibakuli cha udongo ndani ya kasha, na kasha akalipeleka kwenye ukuta wa ndani usioguswa na jua. Tangu Juni haijapotea siga hata moja.

Ya pili ndiyo inayomtoa jasho mpaka leo, na mwandishi wa makala haya aliishuhudia mwenyewe saa kumi jioni.

Anaingia Prosper, mchimba visima kutoka Lembeni, amependeza kwa koti jipya. Binti yake amehitimu ualimu, na leo anataka kuvuta kama wakubwa.

"Shikamoo baba, hongera," anasema Yudith.

"Marahaba, binti. Nipe ile nene kuliko zote!"

"Ile itakuangusha, baba. Hii fupi ndiyo ya kuanzia. Ibonyeze. Unaona inavyorudi?"

Prosper anaibonyeza, anainusa, anaipeleka mdomoni kuing'ata kichwa kama muwa.

"Weee! Meno weka akiba ya nyama," Yudith anamzuia, na kaunta nzima inacheka. Anamwonyesha kwa ukucha mahali pa kukata. "Ukipita hapa, jani la juu linafunguka lote, utabaki unatafuna majani kama mbuzi."

Anachukua kikatio. Rodrick amesimama hatua tatu tu kutoka pale, anajifanya anahesabu glasi. Yudith anamtupia jicho, kisha anakiweka kikatio mezani.

"Baba, ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa."

"Basi kuna neno lazima nikuambie. Baba yangu alivuta tumbaku. Kifua kilimmaliza. Nikishasema hivyo, ukitaka nakukatia."

Prosper anaiangalia siga iliyoko mkononi mwake.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Mimi nina hamsini na moja," anasema Prosper taratibu. Anairudisha siga kwenye kasha mwenyewe, kwa uangalifu, kama alivyomwona Yudith akifanya. "Niletee chai, binti. Ya tangawizi."

Rodrick anaguna. "Huyo ni wa nne wiki hii," ananiambia. "Mara ya kwanza nilitaka kumfukuza kweli. Lakini wanaojua siga wanarudi kwa sababu zake hazina kasoro, na nilimwambia atarudi kufua ikiharibika moja. Hazijaharibika. Nimfukuze kwa kosa gani? Kwa kuwa na baba?"

Yudith ana mpango. Anataka kujenga ghala dogo la mbegu za tangawizi Mamba, lenye vipimo vya unyevu kama kile cha kasha, ili majirani wasipoteze mbegu kila kiangazi. Ameshanunua vipimo viwili. Kiwanja ni cha mama yake, na hapo ndipo aliposhindwa kuomba.

Simu yake inaita tukiwa tunaagana, naye anaipokea kwa spika. Ni mama Agatha, ambaye tangu Juni hupiga kila Jumapili na kuuliza neno moja.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wote, mama. Hata leo."

Kuku wanasikika kwa mbali, huko mlimani.

"Haya," anasema mama. "Ile sukari, lete."