Leonia Alivyokwenda Norwei na Migebuka

Leonia wa Bangwe, mkausha samaki, hajawahi kwenda ugenini mikono mitupu. Kwa hiyo asubuhi alipoitwa Ujiji kumtembelea Evaline, alifunga migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwenye gazeti, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatoka. Kwamba Evaline yuko Norwei, na kwamba safari yenyewe ingefanyika juu ya kiti cha plastiki darasani kwa Mwalimu Noel, hilo halikumshughulisha. Ugeni ni ugeni.

Miaka ile Warundi walipovuka mpaka kwa wingi, Leonia alikuwa akipeleka samaki kwenye soko la kambini, na mkimbizi mmoja, Regina, akamsaidia kuuza. Binti wa Regina, ndiye Evaline, alishinda mgongoni kwa Leonia. Hapo sokoni ndipo Leonia alipomfundisha salamu ya Waha, wenyeji wa Kigoma: unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole, unangoja mwenzako ajibu kwa makofi yake. Kila siku ya soko mtoto alimaliza salamu, kisha akamuuliza Leonia, "Mama, umeniletea nini?" Halafu familia ikapata nafasi Norwei, wakaenda. Leonia alilia wiki nzima wala hakuona haya.

Sasa Regina alikuwa amepiga simu. Evaline amekuwa msichana, na lugha za nyumbani hazitaki. Mama akisema, yeye anajibu Kinorwei. "Dada Leonia, mtoto ananipotea humu humu ndani." Evaline alikuwa amekubali somo moja tu kwa Mwalimu Noel. Asipoongea siku hiyo, basi tena.

Mwalimu Noel, mtu wa Tanga, alikuwa na miwani ya uhalisia pepe, mikubwa, inayofunika macho na kumtia mtu katikati ya picha. Wanafunzi wa mbali hukutana humo na wenyeji, wakajifunza lugha kwa kuongea nao. Leonia alivua kandambili kabla ya kuivaa.

"Mama, si lazima kuvua," Noel alisema.

"Mwalimu, naingia kwa watu."

Akaingia. Ujiji ikatoweka. Alijikuta uani kwa Regina, na ua wote ulikuwa mweupe, kana kwamba mtu amemwaga chumvi ya samaki mpaka juu ya mapaa. Aliinua uso, weupe ule ulikuwa ukishuka kutoka mbinguni, kimya, ukipita katikati ya vidole vyake bila kumlowesha. Alitafuta miguu yake, hakuiona. Maisha yake yote ameliona ziwa likibadilika rangi, lakini hakujua kwamba nchi kavu nayo inaweza kufanywa hivi, na watu wakaishi. Alijiona mdogo sana, na udogo huo ulimfurahisha.

Mbele yake ilisimama sura ya msichana, ya kuchorwa kama mwanasesere, mikono yake ikifuata mikono ya Evaline mwenyewe kule aliko.

"Evaline, unasoma darasa la ngapi?"

Kimya.

"Muulize chakula anachopenda," Noel alinong'ona.

Akauliza. Mikono ya yule mwanasesere ilining'inia tu. Hapo Leonia aliogopa kwelikweli, akaona somo linakwisha na mtoto anakwenda nalo. Mara akashtuka: kwa kushangaa mbingu za watu, alikuwa amesahau kusalimia. Amekuja kwa mtoto wake na maswali kama askari wa kizuizi cha barabarani.

Akainama. Akapiga makofi, polepole, kisha akangoja, maana salamu haiharakishwi.

Mikono ya kuchorwa ikatikisika. Ikainuka. Ikapiga makofi, pale pale panapotakiwa, wala haikukosea.

Leonia machozi yakamjaa ndani ya miwani ya watu.

"Mama," sauti ilisema, ngeni, ikitafuta njia. "Mama, umeniletea nini?"

Leonia akapapasa mapajani, akaushika mzigo wake wa gazeti, akaunyoosha mbele. Noel alifumbua mdomo amwambie kwamba kule samaki hawaonekani, akaufumba. Kule kwenye theluji ilionekana mikono tu ya mwanamke, imenyooshwa, haina kitu.

Evaline akapiga goti, akatoa mikono yote miwili, akapokea.