Udi Niliouchoma Dukani

Nimekosa, jamani, tena nimekosa huku najua. Msiniulize jina. Nikilitaja, Mji wa Kale wote utamjua niliyemkosea, na yeye mwenyewe bado hajui.

Mimi ni muuzaji wa kampuni inayounda vyerehani vya nyumbani, vile vidogo vya umeme. Vipuri hushuka bandarini Kilindini, vikaunganishwa kwenye karakana yetu, kisha vikaletwa dukani. Kazi yangu ni kumketisha mteja nimpindie leso, aone kilivyo chepesi.

Vilipokuja vipya nikaona jambo. Leso ya kwanza, sawa. Ya pili, mota inaanza kutoa harufu ya waya unaoungua. Nikamwambia meneja.

"Ni upya tu huo," akasema. "Tafuta la kufanya, wateja wasiisikie."

Nami nikalitafuta! Kila asubuhi nikawa nawasha chetezo, natia udi ule mzito wa harusini. Wanawake wakiingia tu, "Mashallah, duka lanukia!" Nami nacheka nao. Meneja akanisifu mbele ya wenzangu, na mjinga mimi nikavimba kichwa.

Kisha akaja shangazi yangu, aliyenilea tangu mamangu afariki. Mjukuu wake alikuwa aolewa, naye hakutaka nguo za bibi harusi zishonwe na mkono mwingine.

"Nichagulie wewe, mwanangu. Wewe ndiye mjuzi wa haya."

Wallahi ulimi uliniwasha! Lakini meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikachagua, nikafunga, nikambebea mpaka kwenye tuktuk. Akaniombea dua njia nzima.

Sasa, nyumba ya shangazi haikosi udi, sembuse nguo za harusi! Alikuwa akishona huku chetezo ki kando, kila nguo ikiisha anaifukiza. Mota ikawa yaungua hapo hapo mbele yake, asisikie chochote. Mimi nilikuwa nafanya kusudi. Yeye alikuwa akifuata ada yake tu.

Alasiri moja aliinuka kwenda kusali, cherehani bado cha moto, nguo zimerundikwa juu yake. Aliposikia moshi chumba kilikuwa chawaka. Akaingia na mikono mitupu kuziokoa nguo. Ya Rabbi, vidole vyake vile! Vimejikunja, havishiki sindano tena.

Na hilo si lote. Kila mtu alaumu chetezo. Mwanawe amekitupa baharini, asema mama amekuwa msahaulifu, hafai kukaa peke yake. Amempatia chumba kwake, mtaa wa Tudor. Nyumba aliyoolewa ndani yake, akazalia humo, inafungwa Ijumaa hii.

Nilipokwenda kumwona, yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi!

"Nisamehe, mwanangu, nimekuunguzia cherehani ulichonichagulia. Lakini yale makaa naliyazima kwa maji, naapa. Au nimezeeka hivyo?"

Mwajua nilimjibu nini? "Pole shangazi, uzee una mambo."

Ole wangu! Akainamisha kichwa, akaamini. Tangu siku hiyo hata jiko haligusi, aogopa mikono yake mwenyewe. Mimi silali. Kila nikipita kichochoro chenye harufu ya udi natamani kubisha hodi niulize, je, mna cherehani humu? Napita. Vimo majumbani vingi, na sijui viko kwa nani.

Jana meneja kaja na bashasha. Shehena nyingine imetoka bandarini.

"Kanunue udi," akaniambia. "Safari hii uwe wa kutosha."

Sijaununua. Lakini kwa shangazi pia sijenda kumwambia ukweli, na Ijumaa yaja.

Wenzangu, msinyamaze kama mimi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na changu kishaanza. Na wewe uliyenunua cherehani kwenye duka lililokunukia vizuri, kichomoe kwenye umeme sasa hivi. Kisha fungua dirisha, usifukize chochote, usogeze pua karibu unuse.