Daftari la Nyayo

Binti yangu anapenda sana tamthilia za upelelezi. Jumapili moja, mimi nachambua mchele, yeye macho kwenye televisheni, mpelelezi alipiga magoti penye unyayo, akaupima, akaupiga picha, na kabla sijamaliza ungo mwuaji alikuwa ameshafungwa pingu. "Umeona, mama? Unyayo haudanganyi!" Nikamwambia azime. Alinitazama kana kwamba nimepandwa na wazimu. Sikumweleza sababu, lakini wewe nitakueleza.

Ugonjwa huo wa upelelezi niliwahi kuugua. Ilikuwa miaka ya tisini, Kabungu, nje ya Mpanda, baba alikotuhamishia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na sanduku la bati lililojaa riwaya za upelelezi, nyingi hazina majalada, na kila Ijumaa aliniazima moja. Nilisoma nikichunga ndama, nikasoma nikisonga ugali. Bibi alikuwa akimega tonge, anakuta donge la unga mbichi, anaguna: "Mayu, mama yangu, leo umetupikia kitabu."

Katika vitabu vile mpelelezi hakuhangaika na maneno ya watu. Alitazama majivu ya sigara, unywele, alama ya kidole kwenye glasi. Glasi sisi hatukuwa nazo, tulinywea vikombe vya bati na vibuyu vya maziwa. Ila vumbi tulikuwa nalo la kutosha, na masika matope. Basi nikafungua daftari la nyayo. Kila mtu wa kijijini alikuwa na ukurasa wake, na nilipima kwa bua la mtama nililolikata alama kwa wembe. Bibi kidole chake kidogo kilipinda nje. Mwalimu hatua zake zililalia upande wa kulia. Jirani yetu alivaa makatambuga, viatu vile vya tairi, yenye misumari mitatu kisiginoni iliyokaa kama mafiga.

Jirani huyu alikuwa mrina asali. Alikaa porini kwenye mizinga yake siku mbili tatu, akirudi shati linanuka moshi, na lazima apitie kwetu na kipande cha sega kwenye jani. Tulitafuna mpaka nta ikawa ngumu mdomoni. Nilimpenda kuliko baadhi ya baba zangu wadogo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, tukaamka asubuhi maksai wawili wa kulimia hawamo zizini. Baba akapiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na pinde na filimbi zao. Mlangoni mwa zizi palikuwa na unyayo mmoja mzima kwenye tope, na wanaume waliuzunguka wakibishana. Nikapenya katikati yao, nikachutama kama nilivyosoma vitabuni, nikalaza bua langu. Urefu ulelule. Misumari mitatu. Nikakimbia ndani kuchukua daftari.

Laiti bibi angenizaba kofi pale pale! Badala yake baba alinishika bega mbele ya watu wote, akasema, "Mnamwona huyu? Ana akili kuliko nyie wote." Nikavimba kichwa.

Jirani aliletwa mkutanoni. Akasema usiku ule alikuwa kwenye mizinga. Nani alimwona? Hakuna. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Mwanangu, wewe umeona kiatu. Mimi umeniona?" Nilinyoosha daftari tu.

Kwa kuwa alikataa kukiri, akatengwa. Wewe kama hukukulia kule, kutengwa hukujui. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, kisimani mkewe akifika wenzake wanaondoka. Asubuhi moja mkewe alisimama uani kwetu na kigae, anaomba kaa la moto. Bibi alimpa mgongo, akaendelea kupuliza jiko, machozi yanamtoka, na siku ile kuni zilikuwa kavu. Wiki ya tatu wakahama na mkeka, chungu na kuku mmoja. Niliwasindikiza kwa macho nikijiona shujaa.

Baada ya mavuno nilikwenda na bibi sokoni Mpanda kuuza karanga. Pembeni alikaa fundi wa makatambuga. Nikageuza jozi moja: misumari mitatu kisiginoni. Nikageuza ya pili, ya tatu, zote vilevile. Bua langu sikuwa nalo, lakini vidole vyangu vilitosha kunionyesha kuwa urefu ni mmoja.

"Mbona yote yanafanana?" nikamuuliza.

"Sasa ulitaka yafananeje? Mimi nina kipimo cha baba, cha mama na cha mtoto, basi. Misumari hivyo hivyo nilivyofundishwa. Nusu ya wanaume wa huku wamevaa mkono wangu."

Soko lilikuwa linapiga kelele, mimi sisikii kitu. Bibi akanishika paji la uso, akadhani ni malaria. Ningeweza kusema palepale. Lakini kijijini walikuwa wameanza kuniita afande, na jina lile lilikuwa tamu. Nikanyamaza. Bibi alikufa hajui, baba naye vilevile.

Miaka michache iliyopita kazi ilinipeleka Kapalamsenga. Ufukweni mwa ziwa palikuwa na mama mzee anaanika dagaa. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. "Wewe si mtoto wa daftari?" Nikakaa mchangani, nikamweleza yote, ya fundi, ya misumari. Alisikiliza akiendelea kugeuza dagaa wake.

"Tangu tutoke kule mume wangu hakuvaa tena kiatu," akasema mwishowe. "Nilimsihi, wapi! Alisema kiatu kinaweza kufanana na cha mtu, mguu wake hautafanana na wa mtu. Porini pekupeku, miiba, visiki. Kidonda kimoja kikakataa kupona, kikapanda juu. Tukamzika hapo nyuma."

Kabungu ya wakati ule haipo tena. Penye nyumba yao pamelimwa mahindi, na miti aliyotundika mizinga ilishakatwa mkaa. Watu waliokaa mkutano ule wengi wamekufa wakiamini walimfukuza mwizi. Naye alikufa hajasikia mtu hata mmoja akimwambia kwamba tulikosea. Mimi nilikuwa najua, na alikuwa hai, umbali wa safari ya siku moja.