Ngoja Ndoo Ijae

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule, sina kazi ila mdomo. Mpiga picha mmoja kutoka Ulaya akanichukua Dodoma mjini nikamfasirie vijijini, kwa kuwa Kigogo nakijua, na Kiswahili chake yeye kilitosha kuombea chai tu. Nikampeleka Gulwe kwa shangazi yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyojiambia.

Tulimkuta shangazi mtoni. Kiangazi mto ule ni mchanga mtupu juu, maji yako chini. Unachimba, unangoja, yanajichuja yenyewe, kisha unayachota taratibu kwa kata. Ni maji matamu kuliko ya bomba langu hapa mtaani Kikuyu, Dodoma, ambalo hutoka siku likijisikia. Lakini asiyejua anaona nini? Mwanamke kapiga magoti, kichwa kiko shimoni, ndoo tupu pembeni. Anaona kiu.

Yule kijana aliona kiu. Akainua kamera. Shangazi alipomwona akacheka, akaanza kujifunga khanga vizuri.

"Mwambie asicheke," mgeni akaninong'oneza kwa Kiingereza. "Arudi kama alivyokuwa. Ndoo ibaki tupu."

Nikailainisha kauli yake. "Anaomba utulie kidogo, shangazi."

"Hakusema hivyo. Uso wake haukusema hivyo. Sema alivyosema."

Nikasema. Akaweka kata chini.

"Nisicheke, kwani nimefiwa? Na wewe, umekuja na nani?"

"Nimekuja naye, shangazi."

"Basi usimpunguzie yeye, wala usinipunguzie mimi. Mwambie angoje ndoo ijae. Nikishajitwisha, apige mpaka achoke."

Mgeni akasema mwanga utampotea. Shangazi akajibu kwamba jua la Gulwe halijawahi kupotea, ndiyo maana yuko mtoni. Mgeni akasema atampa na sukari juu. Shangazi akasema sukari anayo. Mwanangu, nimeuza zabibu maisha yangu yote, nahesabu kila kreti mara mbili, hata likitoka kwa ndugu yangu, lakini mapatano magumu kama yale sijayaona tena. Mwishowe akalifukia shimo kwa mguu, akachukua ndoo yake tupu, akaanza kuondoka.

"Maji nitachota kesho," akasema. "Uso wangu sina mwingine."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule kijana alimfuata. Akatia kamera mkobani, akakubali kungoja, akarudi naye, akapiga magoti wakachimba pamoja. Akanywa kata nzima, akaomba nyingine. Ndoo ilipojaa shangazi akajitwisha, akacheka hadi pengo likaonekana, na hapo ndipo picha ikapigwa.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Na akifika kwao akaandika kwamba una kiu?"

"Aandike. Atakayeitazama ataona maji. Ile ya kiu hakuipata kwangu, na mtu hauzi asichonacho. Mwaka wa njaa ukija nitamwita mwenyewe aje apige, na nitasema kwa mdomo wangu kwamba hii ni njaa."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa picha zetu kibaya hakijitembezi. Hulipiwa nauli ya ndege. Na siku hizi hawahitaji hata kuja, maana kamera iko mfukoni mwako. Nimesikia kuna watu wa mbali wamekuomba picha za "maisha halisi" ya huku kwetu, nawe umewapigia tembe la udongo lililobomoka, ukaruka lile zima la jirani yake, lenye watu ndani. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Sikuambii ufiche ukame. Ukame ni wetu, tuusimulie sisi. Nakuambia hivi: kabla hujampiga mtu picha, mpe kwanza shikamoo yake, muulize anafanya nini, na ungoje amalize. Mwonyeshe picha kabla haijaondoka. Akiikataa, ifute akiwa anakutazama. Na ukiombwa huzuni ambayo hukuikuta, kataa. Hapo, mwanangu, usishushe bei hata kidogo, wakuite mkaidi; wakichoka watanyamaza.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usiotetemeka. Wajukuu wako watakapozitazama picha zako, wawatambue bibi zao, na wasione aibu kuwaita kwa majina.